Mama Nini na Hamsini na Nne

Kiti cha mtunza maabara kilikuwa na umri mkubwa na hakikuwa na alama yoyote ya kukaliwa. Alikitumia kupandia alipotaka chupa za rafu ya juu, na wakati wa likizo alikipindua miguu juu akaanikia vitambaa. Mwenyewe hakukaa. Alitembea kutoka meza hadi sinki, kutoka sinki hadi stoo, akigusa kila bomba la gesi kuona kama limefungwa, kisha akirudi kuligusa tena kwa sababu huenda mara ya kwanza aliligusa vibaya. Wasichana wa shule walidai kwamba kwa mwendo wake wa mwaka mmoja angefika nchi jirani, akumbuke mlango, arudi.

Tabia hiyo alizaliwa nayo. Utotoni mama yake akimtuma sabuni dukani, alifika nusu ya njia akageuka kwenda kuuliza kama kweli ni sabuni. Alikuwa anakumbuka vizuri tu. Alitaka kusikia mara ya pili. Mama akachoka, dukani akawa anatumwa kaka, na binti akabaki nyumbani kupima unga, kazi iliyompendeza kwa kuwa unga hauna haraka na unaweza kupimwa upya. Alipomaliza shule alikwenda chuo cha mafundi wa maabara, na huko kwa mara ya kwanza maishani akakutana na watu waliolipwa mshahara kwa kurudia jambo moja mara tatu na kuchukua wastani. Akajua amefika kwao.

Akaolewa na fundi cherehani. Fundi huyu alimtazama mteja kuanzia mabegani hadi kwenye visigino, akavuta moshi wa sigara, akakata. Futi ya kupimia aliivaa shingoni kama daktari anavyovaa kile chombo chake cha kusikilizia, ili watu wawe na imani. Neno lake kuu lilikuwa "imetosha". Chumvi imetosha, kitambaa kimetosha, maneno yametosha. Mkewe hakuwahi kulitamka neno hilo kuhusu kitu chochote, na watoto wao walikua katikati ya wazazi hao wawili wakiwa na afya njema, jambo ambalo halielezeki.

Shuleni alijulikana kama Mama Nini. Kwa cheo hakuwa mwalimu, lakini wakati wa vipindi vya vitendo alipita katikati ya meza, na msichana yeyote aliyesema jibu lake ni ishirini na tano alisikia sauti nyuma ya kisogo: "Ishirini na tano nini? Mbuzi?" Kwake yeye, namba isiyo na kipimo ilikuwa kama mtu anayekuja kukuamkia bila suruali. Huenda ana jambo la maana, lakini huwezi kumsikiliza. Wasichana walicheka, wakaandika gramu, wakaandika mililita, na wengine hata walipomaliza shule wakawa akina mama waliendelea kuwauliza watoto wao kama ni mbuzi.

Alikuwa na njia yake pia ya kuwaeleza moli, ambayo huwatisha wengi kwa jina lake tu. Aliwaambia mpishi hahesabu punje za mchele. Anapima kilo, na kilo inajua yenyewe ina punje ngapi. Mkemia naye hawezi kuhesabu chembe moja moja, kwa hiyo amefungasha idadi kubwa mno katika furushi moja, akaliita moli, kama wauza mayai walivyokubaliana juu ya trei. Kila kitu kina trei yake na kila trei ina uzito wake. Ukijua uzito umejua idadi. Baada ya hapo kinachobaki ni kuzidisha na kugawa, na kutosahau ulichofanya kati ya hivyo viwili. Sehemu hiyo ya mwisho aliisema kwa mkazo.

Mwaka huu karatasi ya maandalizi ya mtihani wa mwisho ilitaka asidi ya salfuriki lita kumi, kila lita iwe na sehemu moja ya kumi ya moli. Mtu akizidisha anapata moli moja kamili, hesabu ya kumpa mtoto. Trei moja ya asidi hiyo ina uzito wa gramu tisini na nane. Lakini chupa inayotoka kiwandani si asidi tupu; katika kila gramu mia, mbili ni maji. Kwa hiyo anayetaka tisini na nane za kweli anachukua mia kutoka kwenye chupa. Tena hakuna mwenye akili anayemwaga asidi kali juu ya sahani ya mizani. Hupimwa kwa silinda ya kioo yenye mistari, kwa ujazo. Na hapo ndipo inapoingia densiti, yaani uzito wa kila mililita: maji gramu moja, asidi ile gramu moja nukta nane nne. Ni nzito karibu mara mbili ya maji, ingawa kwa macho vinafanana kama ndugu. Gramu mia ukigawa kwa hiyo densiti unapata mililita hamsini na nne na ushee.

Ijumaa alipiga hesabu hiyo, akapata jibu, akaandika kwa chaki pembeni mwa meza nyeusi ya maabara: 54. Kengele ikalia, akaenda kufunga madirisha, akarudi kuhakikisha madirisha, akaenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi alirudi kuutengeneza mchanganyiko wenyewe. Kwa kuwa alikuwa yeye, alianza hesabu upya tangu mwanzo, kwa sauti, peke yake chumbani. Moli moja. Gramu tisini na nane. Gramu mia za chupa. Hapo simu ikalia. Alikuwa wifi yake, dada wa fundi cherehani, mjane aliyeapa mbele ya ukoo mzima kwamba hataolewa tena, akasema kesho anakuja kula mchana na haji peke yake. Mazungumzo yalichukua muda unaolingana na habari yenyewe. Simu ilipokatika, mtunza maabara alirudi mezani, akamaliza kazi, akafunika ndoo, akaosha vyombo, akapangusa meza. Mkuu wa shule akaja na kufuli lake, yeye akaweka la kwake, kwa maana sheria ya mtihani ilitaka mlango wa maabara uwe na makufuli mawili na funguo zikae kwa watu wawili. Asubuhi ya Jumatatu ndipo ungefunguliwa, wote wawili wakiwepo pamoja na mwalimu wa kemia.

Jumapili wifi akafika na mchumba, dereva wa lori mwenye mikono mikubwa na maneno machache, ambaye alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Fundi cherehani akamtazama mara moja na kumjua kipimo cha kola. Wifi akaingia jikoni kusaidia, yaani kuamuru. Alikuwa anatengeneza keki na maelekezo yake yalisema mafuta robo kilo, kwa hiyo akachukua kikombe cha robo lita.

Mtunza maabara, mwenye jiko, akamwambia robo lita si robo kilo. Wifi akajibu kwamba lita ni kilo, dunia nzima inajua, ni wewe tu wifi yangu ambaye ukiletewa chai unaipima homa kwanza.

"Lita ya maji ndiyo kilo," mwenye jiko akasema. "Mafuta ni mepesi, ndiyo maana yanaelea. Kuna vitu vizito, lita moja inakaribia kilo mbili. Ukitaka gramu mia za asidi, kwa mfano, humimini mililita mia. Unagawa kwanza, ndipo..."

Kikombe cha mafuta kikabaki hewani mkononi mwake.

"Ndipo nini?" wifi akauliza, bila kujua kwamba ametamka jina la shuleni la wifi yake.

Mwenye jiko alikuwa amerudi Jumamosi, mbele ya meza nyeusi. Alijiona anasema gramu mia. Alijiona anashika simu. Alijiona anafunika ndoo. Katikati hapakuwa na kitu. Miaka yote hiyo ya kumimina asidi ilikuwa imejipanga kichwani mwake kama sahani zinazofanana, na sahani ya jana haikuwa na alama. Je, aligawa? Au alitoka kwenye simu na mia kichwani, akamimina mililita mia?

Alijaribu kuwaita mashahidi. Silinda aliyotumia ilikuwa ile ya mililita mia, lakini hiyo angeitumia kwa vyovyote. Magoti yake yalikumbuka kuinama, maana alikuwa na desturi ya kuinama mpaka jicho liwe sawa na mstari. Kwamba yaliinama sana au kidogo, hayakutaka kusema. Alikumbuka ndoo kuwa vuguvugu kiganjani, kwa kuwa asidi ikiingia majini hutoa joto. Ila katika lita kumi, tofauti ya hamsini na nne na mia ni digrii moja na nusu hivi, na kiganja cha mtu aliyetoka kuambiwa habari za ndoa hakiaminiki.

Alimwambia mumewe pembeni kwamba amesahau kama aligawa. Mumewe akamshauri agawe sasa.

"Imeshamiminwa, baba watoto. Iko kwenye ndoo. Kesho wasichana wanaifanyia mtihani."

Fundi alifikiri kwa muda wa pumzi moja. Akasema yeye kitambaa kikiwa kirefu anakata, kikiwa kifupi anaunga, na bado hajamwona mteja aliyekufa. Mkewe akamjibu kwamba asidi si suruali, akaenda kuvaa viatu.

Hofu yake haikuwa ya kazi, ingawa kazi alikuwa nayo moja. Aliwaona wasichana wale mmoja mmoja mbele ya bureti, lile bomba jembamba la kioo linalodondosha asidi tone kwa tone. Asidi ingekuwa kali karibu mara mbili ya ilivyoandikwa kwenye karatasi yao. Mvivu asingejali, angeandika namba yoyote akaenda zake. Ila yule makini, aliyepima vizuri, angepata jibu lisilolingana na swali, angerudia, angepata lile lile, na kwa kuwa ni makini angeamini kwamba mkosaji ni yeye. Angefuta jibu sahihi na kubuni la uongo. Mama Nini alikuwa amewafundisha yeye mwenyewe kutilia shaka mikono yao, na alikuwa amefaulu sana.

Dereva alifurahi kupata kitu cha kufanya mbali na lile kochi. Akampeleka shuleni kwa lori, chakula kikiwa bado jikoni. Getini mlinzi alisikiliza maelezo yote kwa heshima, kisha akakataa kwa furaha ya mtu aliyengoja muda mrefu kupata wa kumkatalia.

"Mama, wewe ndiye uliyeniambia nisimruhusu mtu hata mlangoni," akasema. "Nikakuuliza, hata wewe? Ukasema, hata mimi."

Ilikuwa kweli. Aliruhusiwa kuchungulia dirishani, mlinzi akiwa ameshika kiwiko chake. Ndoo ya bluu ilikaa chini ya meza na kifuniko chake, imetulia kuliko watu wote waliohusika.

Akampigia mkuu wa shule. Mkuu alikuwa kwa mama yake mzazi, mbali, akauliza kama kuna moto. Hakuna moto. Basi kufuli likae, atafika asubuhi na mapema. Akampigia mwalimu wa kemia, kijana mpole anayesema polepole, na huyu akamweleza kile ambacho yeye mwenyewe alikijua: kwamba kabla wasichana hawajaingia, mwalimu huijaribu asidi kwa bureti, ndiyo kawaida, na hapo ukweli utajulikana. Atachukua mililita ishirini na tano za kostiki, kinyume cha asidi, iliyotiwa rangi ya waridi kwa kiashiria, na kuidondoshea asidi mpaka rangi ipotee. Asidi ikiwa sawa, zitatumika ishirini na tano. Ikiwa alimimina mia, ni kali, zitatosha kumi na nne hivi.

"Na zikitosha kumi na nne?"

"Tutaongeza maji, mama."

"Maji gani, mwalimu? Mtambo wetu wa maji yaliyosafishwa umekufa, na nilichobakiza hakifiki lita mbili."

Mwalimu alikiri kwamba hilo hakulifikiria. Yeye alikuwa ameshalifikiria, na hesabu alishaipiga juu ya vumbi la dashibodi ya lori, dereva akitazama kwa woga kama mtu anayeandikiwa dawa: ili lita kumi kali zirudi kuwa sawa, zilihitaji maji mengine lita nane na nusu kasoro kidogo. Aliandika na neno lita. Akarudia hesabu. Akarudia tena, na zote tatu zikakubaliana, jambo lililompa nafuu ya kufika hadi kona ya barabara.

Walizunguka mji kutafuta maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi. Gereji ya kwanza ilifungwa. Ya pili ilikuwa na chupa moja na mbwa. Ya tatu, fundi wake akamuuliza dereva ana magari mangapi, dereva akamtazama shemeji yake mtarajiwa, akajibu kwamba yapo. Waliporudi nyumbani na madumu mawili, wageni walikuwa wamekula bila wao, na keki ilikuwa kavu kidogo. Wifi alilaumu jiko. Mwenye jiko alijua ni gramu ishirini za mafuta zilizopungua, lakini hakusema, ishara kwamba hali yake ilikuwa mbaya.

Wifi alimsindikiza mwenye jiko kwa macho akitembea sebuleni, mlangoni, sebuleni. Akamwambia mchumba wake kwamba sasa ameiona familia, kama anataka kukimbia lori lipo nje. Dereva akasema hana neno, ameipenda. Akajitolea kuyapeleka madumu shuleni asubuhi.

Jumatatu kufuli la mkuu lilifunguka kwa urahisi. La mtunza maabara lilichelewa kwa sababu alihakikisha kwanza kama ufunguo ndio wenyewe. Walikuwa watatu: mkuu wa shule aliyekuwa mwanamke mrefu ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona akicheka tangu apandishwe cheo, mwalimu wa kemia, na yeye, aliyekuwa amesimama upande wa sinki, kisha upande wa dirisha, kisha tena upande wa sinki, mpaka mkuu akamwomba achague.

Mwalimu akajaza bureti kutoka kwenye ndoo. Akavuta kostiki mililita ishirini na tano, akaiweka kwenye chupa ya kioo, akatia matone mawili ya kiashiria, ikawa waridi. Akafungua koki.

Mtunza maabara aliinama mpaka jicho likawa sawa na mstari. Kumi. Mwalimu akapunguza mwendo. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kila tone liliacha doa jeupe kwenye ile rangi, likatikiswa, rangi ikarudi. Kumi na nne. Kumi na tano, na bado waridi.

Basi aligawa. Akanyooka, akashika meza. Akamwambia mkuu samahani kwa usumbufu wa jana, na mkuu akasema si kitu, na mtunza maabara alikuwa ameanza kufikiria chai bureti ilipofika ishirini na tano, namba aliyoipenda kuliko zote.

Ilikuwa waridi.

Mwalimu akatikisa chupa. Ishirini na sita. Ishirini na nane. Akafungua koki zaidi kidogo, kama mtu anayetembea haraka bila kutaka aonekane anakimbia. Thelathini. Mkuu akauliza kama hiyo ni kawaida. Thelathini na tano. Arobaini. Mtunza maabara aliinama tena. Rangi ikakatika ghafla kwenye arobaini na sita.

"Arobaini na sita," mwalimu akasema.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, mtunza maabara hakumuuliza mtu ni nini.

Asidi haikuwa kali. Ilikuwa dhaifu, nusu na kidogo tu ya ilivyotakiwa. Jumapili nzima alikuwa amelinda mlango wa mbele, na mwizi alikuwa jikoni anakula. Mwalimu alipiga hesabu kinyumenyume: kwa nguvu hiyo, kilichoingia kwenye ndoo Jumamosi ni mililita ishirini na tisa na nusu. Si mia, si hamsini na nne. Wakatazamana. Ishirini na tisa na nusu ilitoka wapi? Hata mtu aliyelewa hamimini kiasi kama hicho bila sababu.

Mwalimu ndiye aliyeiona. Meza ilikuwa imepangushwa, lakini chaki juu ya mbao nyeusi haikubali kuondoka yote, na mwanga wa asubuhi ulipita juu yake kwa ubavu. Akaweka kidole pembeni mwa kivuli cheupe cha tarakimu mbili. Hakusema kwa ukali. Alikuwa mpole hata hapo.

"Hamsini na nne nini, mama?"

Akaitazama. Ulikuwa mwandiko wake, na pembeni mwa namba hapakuwa na chochote. Sasa katikati ya Jumamosi palijaa. Alitoka kwenye simu, kichwa kimejaa wifi na harusi, akarudi mezani kutafuta alipoishia, akaikuta namba yake ya Ijumaa inamsubiri. Ilikuwa mililita, imeshagawiwa, imekamilika. Yeye akaichukua kuwa ndizo gramu zake, na kwa kuwa ni mtu asiyesahau kugawa, akaigawa tena.

"Mbuzi," akasema.

Mkuu wa shule akacheka. Ilimtoka kama chafya, akaifunika kwa leso, akaangalia saa ili aonekane hakucheka. Alikuwa msichana wa shule hiyo hiyo zamani, na aliwahi kuulizwa.

Kisha akauliza kinachofanyika sasa, maana wasichana walikuwa wameanza kujipanga nje. Mwalimu akamgeukia mtunza maabara, na huyu, ambaye kwa desturi angekuwa ameshafika sinki na kurudi mara mbili, alisimama mahali pamoja. Suruali ilikuwa fupi. Inaungwa. Hakuisema hivyo, alisema kilichopungua ni mililita ishirini na tano kasoro kidogo za asidi ya chupa. Mwalimu akamwomba aseme tena, mililita au gramu. Mililita, akasema. Zimeshagawiwa? Zimeshagawiwa, mara moja. Mkuu, ambaye somo lake lilikuwa historia, akarudia kwa sauti kama shahidi mahakamani: mililita, mara moja.

Mwalimu akashika chupa, yeye akashika silinda, akainama. Asidi ikaingia ndooni polepole, ikakorogwa, ikaachwa ipoe. Bureti ikaoshwa, ikajazwa upya. Kwenye ishirini na tano na nukta moja, waridi ikapotea. Mara ya pili, ishirini na tano kamili.

Mwalimu akamuuliza kama anataka ya tatu, muda upo kidogo. Alijua anamuuliza nani. Nje msichana mmoja alikuwa anasoma kwa sauti ya kunong'ona, gramu kwa lita, moli kwa lita, na mwingine akamwambia anyamaze anamchanganya. Mtunza maabara aliitazama bureti, akaitazama ndoo, akautazama mlango.

"Imetosha," akasema, na neno lenyewe likamkaa vibaya mdomoni, kama jino la mtu mwingine.

Wasichana wakaingia. Mkuu, akipita karibu yake, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kuanzia muhula ujao asidi ya mtihani itatengenezwa na watu wawili, mmoja akimimina na mwingine akisikiliza. Halikuwa ombi. Mtunza maabara alilipokea kwa kuinamisha kichwa. Miaka yote hiyo chumba kile kilikuwa chake peke yake, hesabu zake kwa sauti na kuta zikiitikia, na kuta hizo hizo ndizo zilizoitikia kosa la Jumamosi.

Sheria haikumruhusu kubaki ndani. Alipita mara moja kwenye mabomba ya gesi, akayagusa, akatoka, akasimama chini ya dirisha. Kwa muda alisikia vioo vikigongana na viti vikisogezwa. Kisha kimya cha watu wengi wanaotazama tone moja. Kutoka karibu na dirisha akasikia msichana akivuta pumzi na kusema peke yake, kwa sauti ndogo isiyokusudiwa mtu, ishirini na tano. Halafu, kama aliyeguswa bega, akaongeza: mililita.

Getini dereva alikuwa amefika na madumu yake mawili, moja kila mkono, shati limepigwa pasi kwa heshima ya kazi. Akauliza ayaweke wapi. Ikabidi mtunza maabara aende kumweleza kwamba hayahitajiki, kwamba tatizo lilikuwepo kweli, ila lilikuwa upande wa pili. Dereva aliipokea habari hiyo kama alivyopokea nyingine zote za familia ile. Akasema betri ya lori ilikuwa na kiu, kwa hiyo maji hayapotei.

Akayapakia. Akawasha gari, akasubiri aseme kwaheri, lakini shemeji yake alikuwa ameshageuka anarudi ndani ya uwanja, hatua za haraka, kuelekea upande wa nyuma wa maabara, kwenye dirisha la stoo. Lilikuwa limefungwa. Alilivuta mara moja, akaondoa mkono, akatembea mpaka kona. Hapo akasimama, akahesabu kimoyomoyo, na kwa shida kubwa hakurudi.